Muuguzi hana kosa

Makala iliyodai kwamba virusi vya kompyuta huwapata wazembe wanaofungua barua pepe ovyo imewaonea watu. Mwaka 2000 hoja hiyo ilikuwa na uzito kidogo, maana programu haribifu ya ILOVEYOU ilihitaji mtu abofye kiambatisho ndipo isambae. Ile ya WannaCry haikumsubiri mtu. Mei 12, 2017 ilipenya kwenye ufa wa Windows, ikaruka yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta, ikafunga mafaili na kudai dola 300 kwa Bitcoin. Hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji. Muuguzi aliyekuta kioo kimegeuka chekundu, mgonjwa kakaa mbele yake, alizembea wapi?

Microsoft ilishatoa sasisho la kuziba ufa huo tangu Machi 14. Kuliweka ilikuwa kazi ya wakuu wa mifumo na wenye kushika bajeti. Tena ufa wenyewe shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liliujua mapema, likanyamaza ili liutumie, mpaka zana yake ikavuja. Hao ndio wa kuulizwa.

Ndugu mwandishi, mwombe radhi huyo muuguzi.