Shahada ya Mtandaoni Haimtoi Muuguzi Kwenye Tereni

Hapa Goma, muuguzi au daktari akisema amejiandikisha kusomea shahada ya uzamili ya afya ya umma kwa mtandao, hakosi wa kumwambia: hiyo si shule. Wanaosema hivyo wana hoja. Afya ya umma, wanasema, husomwa kwenye tereni, penye wagonjwa, maji machafu na kambi za waliohama, na aliyeketi mbele ya kompyuta hawezi kuijua. Kuhusu tereni nakubaliana nao kabisa. Kuhusu shule wamekosea, na kosa lao linatugharimu.

Tereni yenyewe iko wapi? Julai 1994, wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda kuja Goma kwa mamia ya maelfu, magonjwa ya kuhara, kipindupindu kikiongoza, yaliwamaliza. Takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wengi walikunywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotibiwa, na jiwe la volkano lilikuwa gumu hata kuchimba choo au kaburi ikawa shida. Uchunguzi wa maafa hayo ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1995. Mwanafunzi wa Ulaya anausoma na kufunga kitabu. Anayeishi mtaa wa Keshero, hapa Goma, anausoma, kisha anashuka ziwani na kuwakuta watoto wakijaza bidoni. Ni nani aliye mbali na somo lake?

Kinachowapungukia wahudumu wetu ni mbinu: kuchora mwenendo wa mlipuko, kuchagua sampuli, kupima kama chanjo imefanya kazi, kutambua takwimu za kituo zinapodanganya. Hayo yanafundishika kwa mbali. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wasiokaa darasani mwaka 1858, na leo mtu anaweza kusomea humo afya ya umma bila kuhama kwake.

Ebola ilituonyesha upungufu huo waziwazi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 iliua watu 2,287 mashariki mwa Kongo. Wataalamu walikuja na chanjo na maabara, na bila wao tungezika wengi zaidi. Lakini huko Katwa na Butembo vituo vya matibabu vilishambuliwa na kuchomwa, na Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni, aliuawa akiwa kazini Butembo. Chuki ile ilikuwa na mizizi ya vita na siasa ambayo hakuna shahada ingeing'oa. Hata hivyo, tulihitaji wengi zaidi wanaoweza kusoma grafu asubuhi, na jioni kuketi na mama wa mtaani, wakimjibu kwa lugha yake na wakijua kwa nini haamini. Mhudumu wa aina hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi akisoma huku akiendelea na kazi yake. Akiondoka miaka miwili, kituo kinabaki na pengo, na wengine hawarudi. Siwalaumu.

Na kuondoka kwenyewe si rahisi: tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na mabenki pia, hata kwenda Kinshasa kusoma kumekuwa safari ya kuzunguka nchi za watu.

Kusoma mtandaoni nako kuna shida zake. Vyuo vya ulaghai vipo, na kabla ya kulipa chochote ni lazima kuuliza kama wizara itaitambua shahada hiyo. Kozi nyingi ni za Kiingereza, nasi tumesomeshwa Kifaransa. Upasuaji haufundishwi kwa simu. Ila mzigo mkubwa kabisa ni umeme na mega: muuguzi anatoka zamu ya usiku, stima haipo, na kununua intaneti kunakula mshahara ambao mara nyingi umechelewa. Hospitali na mashirika yenye jenereta na intaneti yanaweza kumpa chumba na saa mbili kila jioni, na kumruhusu aandike utafiti wake wa mwisho kuhusu zoni ya afya anayoitumikia.