Kulenga shabaha ni somo la subira, tusiwafukuze vijana wanaouliza

Jumapili moja hapa Rohero nilisababisha ugomvi nyumbani kwangu bila kukusudia. Mpwa wangu, kijana aliyezaliwa katika kambi ya Mtabila mwaka 2004 na kurudi Burundi na mama yake mwaka 2012 kambi ile ilipofungwa, alikuwa ameinamia simu yake. Kwenye kioo alionekana mtu amelala kifudifudi, kitako cha bunduki begani, akipiga bamba la chuma lililoko mbali sana. Bamba likalia, watu wakashangilia. Kijana akanigeukia: "Mjomba, wewe uliyefanya kazi kwenye renji kule Nairobi, hivi mambo haya ni kweli? Nifundishe basi."

Kabla sijafungua mdomo, dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Katika nyumba hii hakuna atakayefundishwa bunduki," alisema. "Bunduki ilimchukua baba yako kabla hujazaliwa." Chakula kililiwa kimya siku hiyo.

Nimelitafakari jambo hili kwa wiki kadhaa, na ninaliandika kwa sababu najua ugomvi huu haupo kwangu peke yangu. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania, Kongo au Kenya tuna watoto waliosikia habari za bunduki tangu utotoni bila kuelezwa lolote. Msimamo wangu ni huu: dada yangu ana haki ya kuogopa, lakini kijana naye ana haki ya kujibiwa. Tukimfukuza, atajibiwa na simu, au na mtu aliye mbaya kuliko simu.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi raia wagawiwe silaha. Nchi hii inajua risasi moja inaweza kufanya nini. Tarehe 13 Oktoba 1961, Prince Louis Rwagasore, waziri mkuu ambaye chama chake kilikuwa kimeshinda uchaguzi mwezi uliotangulia, alipigwa risasi akiwa katika Hoteli Tanganyika, hapa hapa mjini. Aliyempiga alitumia bunduki ya kuwindia wanyama. Kila siku tunapita katika barabara yenye jina la mwana mfalme huyo, wengine tukiwa na mabalo ya vitenge kichwani, na tunajua kwamba nchi ilibadilika usiku ule. Kwa hiyo anayezungumzia bunduki Bujumbura hana budi kuzungumza kwa adabu.

Sasa nieleze nilivyoijua renji. Nilipokimbilia Nairobi miaka ya tisini mwishoni, sikuwa na cheti wala mtaji. Mtu mmoja wa mtaani kwetu alinitafutia kibarua katika uwanja wa kulengea shabaha nje ya jiji. Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya handaki lenye ukuta mnene, chini ya shabaha zenyewe. Wapigaji walikuwa mbali, wakati mwingine yadi 1,000, yaani takriban mita 914. Risasi ikipita juu yetu, tunaishusha shabaha kwa mkono, tunatafuta tundu, tunachomeka kidude cha kuonyesha ilipopita, tunaziba tundu la zamani kwa karatasi na gundi, kisha tunaipandisha tena ili mpigaji aone.

Siku ya kwanza niliposikia mpasuko juu ya kichwa nilijitupa chini nikafunika uso. Wenzangu walicheka, lakini mzee mmoja aliyekuwa msimamizi hakucheka. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, alikaa kando yangu akanieleza taratibu kwamba mpasuko ule ni wa risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, na ndiyo maana mlio wa bunduki yenyewe unafika baadaye kidogo. Nikaanza kuhesabu: mpasuko, kisha mlio. Mpasuko, kisha mlio. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sauti ile ikawa kitu cha kuhesabiwa, badala ya kitu cha kukimbiwa.

Jambo la pili lililonishangaza ni sheria. Kule nilikotoka, mwenye bunduki ndiye aliyekuwa sheria. Pale, bendera nyekundu ikiwa juu, hakuna mtu anayekatiza uwanja, hata awe tajiri namna gani. Ikitolewa amri ya kusimamisha, kila mmoja anaacha, anatoa risasi, anafungua bunduki na kuonyesha kwamba chemba ni tupu. Nilijifunza kanuni nne ambazo mpaka leo nazisoma kama sala. Chukulia kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama umeambiwa haina. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka macho yawe kwenye shabaha. Ijue shabaha yako na kilichoko nyuma yake. Ndugu zangu, hebu fikirini ni makaburi mangapi yasingechimbwa kama waliokuwa na bunduki miaka ile wangeishika hata hiyo ya nne peke yake.

Baada ya muda yule mzee aliamua kunifundisha. Nilidhani nitapewa risasi siku hiyo hiyo. Wapi! Kwa wiki nzima nililazwa chini na bunduki tupu, sarafu imewekwa juu ya mtutu, niibonyeze kifyatulio bila sarafu kuanguka. Ukivuta kwa pupa, sarafu inaanguka. Unatakiwa ubonyeze kidogo kidogo, taratibu, kiasi kwamba kufyatuka kwenyewe kukushtue. Na baada ya kufyatuka usiinue kichwa kutazama umepata nini. Tulia, endelea kulenga, kwa kuwa risasi bado imo mtutuni wakati wewe unaanza kujipongeza.

Kisha akanifundisha kulala. Msomaji unaweza kucheka, lakini kulala ni nusu ya kazi. Bunduki inatakiwa ibebwe na mifupa, kwani msuli unachoka na kutetemeka. Ukishalenga, funga macho, vuta pumzi na kuitoa, kisha yafungue. Kama bunduki imehama kutoka kwenye shabaha, usiisukume kwa mikono kuirudisha. Sogeza mwili mzima mpaka ielekee pale yenyewe. Pumzi nayo ina wakati wake: unavuta, unatoa, na katika ule utulivu mfupi kabla ya kuvuta tena ndipo unafyatua. Ukikosa nafasi hiyo, acha, pumua upya. Hakuna anayekukimbiza.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo wajivuni huumbuka. Risasi ya bunduki inayotumika katika mashindano hayo huchukua takriban sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000. Muda huo wote inashuka kwa uzito wake, na upepo unaisukuma. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni unaweza kuipeleka kando zaidi ya mita mbili, wakati kiini cha shabaha ya masafa hayo kina upana wa takriban sentimita 60 tu. Kwa hiyo mpigaji anasoma bendera, anasoma majani, anatazama mazigazi yanavyotiririka juu ya ardhi yenye joto, kisha anarekebisha kilengeo chake. Ndivyo wanavyofanya hata Bisley huko Uingereza, ambako mashindano makubwa ya bunduki yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1890. Shabaha ya mbali haipigwi kwa hasira.

Mzee yule alinipa daftari. Kila risasi niandike: tarehe, umbali, upepo, nilivyolenga, ilipopiga. Nilipokosa nikalaumu bunduki, aliniambia nifungue daftari. Nilikuta makosa yaleyale yamejirudia, yote upande wa kulia, yote kwa sababu ya kidole changu chenye haraka. Wafanyabiashara wenzangu wa Kobero na Manyovu mtanielewa. Asiyeandika manunuzi yake hulaumu mizani, hulaumu ushuru, hulaumu dereva. Aliyeandika anajua hasara iliingilia mlango gani. Daftari ninaloandikia vitenge vyangu leo nilianza kulizoea kwenye renji.

Sasa turudi kwa mpwa wangu. Nilimwambia ukweli: yule wa kwenye simu aliyepiga bamba mara moja, hukuonyeshwa mara alizokosa, wala miaka ya kulala chini na sarafu juu ya mtutu. Na nilimwambia kwamba hapa kwetu haingefaa kuanza na bunduki ya masafa marefu. Nchi yetu ni mwanachama wa Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo inataka silaha za raia zisajiliwe na zitunzwe kwa usalama, na inakataza raia kumiliki bunduki za rashasha. Tulikubali hayo kwa sababu tulikuwa tumezika watu. Hakuna sababu ya kuyalegeza.

Lakini ipo njia ndogo ambayo viongozi wa michezo wangeweza kuifikiria. Katika Olimpiki upo mchezo wa bunduki ya upepo wa mita 10. Inapiga kijiwe cha risi chenye upana wa milimita 4.5, ndani ya ukumbi, na alama kumi ni nukta ya nusu milimita. Misingi ni ileile: kusimama vizuri, pumzi, kidole, subira, daftari. Wasichana wamekuwa na mashindano yao ya mchezo huo katika Olimpiki tangu mwaka 1984. Haidai misuli wala uwanja mkubwa. Burundi imepata medali za Olimpiki kwa miguu ya Vénuste Niyongabo mwaka 1996 na Francine Niyonsaba mwaka 2016. Sioni kwa nini watoto wetu wasijaribu siku moja kwa utulivu wa mikono.

Masharti yangu ni matatu. Kwanza, bunduki hizo zisilale nyumbani kwa mtu. Zifungiwe mahali pamoja, zihesabiwe asubuhi na jioni, na daftari likaguliwe na vyombo vya usalama. Pili, hakuna kugusa bunduki kabla ya kujifunza na kupimwa kanuni za usalama. Tatu, mlango uwe wazi kwa mtoto wa kila mtaa na kila upande, aliyebaki na aliyerudi, maana tukifanya kuwa mchezo wa kundi moja, tutakuwa tumerudia makosa tunayoyajua.

Najua wapo watakaosema kidonda bado kibichi, tusiguse. Nawaheshimu, na mmoja wao ninaishi naye. Ila kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa hakiponi. Kijana anayejua ugumu wa kuipeleka risasi moja mahali panapostahili, na anayejua kwamba ikishatoka hairudi, hatadanganywa kirahisi na atakayekuja usiku kumwambia kuwa bunduki humfanya mtu kuwa mwanamume.

Kwa sasa nimempa mpwa wangu daftari. Kila jioni anakwenda ufukweni mwa Tanganyika, anaandika upepo wa ziwa umetoka wapi, saa ngapi, bendera za boti zimekaaje, moshi wa wachoma samaki umeelekea wapi. Nyumbani analala chini na mti wa ufagio, sarafu ya faranga juu yake. Dada yangu alimkuta hivyo wiki iliyopita. Alisimama mlangoni kwa muda, akatazama sarafu isivyoanguka.

"Ufagio, sawa," alisema. "Ila ukimaliza, ufagie."