Chumba chembamba kinastahili sauti kamili

Mwandishi aliyedai kwamba chumba chenye upana wa mita mbili na nusu hakifai spika za pembeni, na kwamba turidhike na ile spika moja ndefu ya chini ya televisheni, amekata tamaa mapema mno. Malalamiko yake ni ya kweli: anayekaa ukingoni mwa sofa husikia spika ya upande wake tu. Lakini kosa ni kuifunga usawa wa sikio. Mtu huyo yuko nusu mita kutoka ukuta mmoja na mita mbili kutoka wa pili, tofauti ya mara nne. Pandisha spika zote mbili sentimita 60 juu ya sikio, tofauti inashuka chini ya mara tatu, na masikio yanapata nafuu kubwa. Dolby wanashauri pembe ya nyuzi 90 hadi 110 kutoka mbele, na pembe hiyo inapatikana hata kwenye korido. Ninachopinga kabisa ni ushauri wake mwingine, wa spika saba kwa wenye vyumba vikubwa hata kama sofa imeegemea ukuta wa nyuma. Hapo tano zinatosha. Mbili za ziada zitapiga kisogoni.