Maji Yamevuja Hadi Kwako, Nani Analipa?

Umenunua keja kwa apatimenti Kilimani ama Syokimau, service charge unalipa kila mwezi, halafu usiku mmoja silingi inaanza kudondosha maji. TV imekufa, godoro limelowa. Sasa?

Uliza kwanza maji yametoka wapi, juu hapo ndio wengi huchezwa. Sheria ya Sectional Properties ya 2020 inafanya wenye nyumba wote kuwa shirika moja. Paa, tangi na paipu kubwa ya jengo ni mali ya pamoja, kwa hivyo kuzitunza ni kazi ya shirika. Waliambiwa paa inavuja wakanyamaza? Wabane. Lakini kama ni bomba la ndani kwa jirani wa juu, anza na yeye.

Keateka akikushow "hiyo ni shida yako" kabla fundi afungue aone, kataa. Piga picha, andikia shirika barua yenye tarehe. Na ujue bima yao ni ya jengo, sio ya TV yako. Hiyo unajikatia mwenyewe.

Wakikuzungusha, omba kamati ya ndani ya kusuluhisha mizozo, kisha kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Service charge endelea kulipa tu, hata ukiwa na hasira. Ukiwa na deni, watakuongelea hilo deni, maji wasahau.