Cheti cha Msajili si msamaha wa kodi

Cheti kinatundikwa ukutani, akaunti inafunguliwa benki, mfadhili wa kwanza anatuma fedha. Miaka michache baadaye inafika barua ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na waasisi wanatazamana: kwani NGO nayo inalipa kodi?

Inalipa. Wanaoambiana kwamba ukishasajiliwa umesamehewa wanadanganyana, na uongo huo umeyaponza mashirika mengi yaliyoanzishwa kwa nia safi kabisa.

Chanzo cha mkanganyiko ni wingi wa milango. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa na Msajili wa NGO kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Vyama vya kijamii hubisha hodi Wizara ya Mambo ya Ndani. Bodi za wadhamini huenda RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini. Wengine walipita BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, wakaunda kampuni zisizo na hisa, ambazo wanachama wake huweka dhamana tu, hadi mwaka 2019 Bunge liliporekebisha sheria na kampuni za aina hiyo zinazofanya kazi za NGO zikatakiwa kuhamia kwa Msajili. Milango yote hiyo inakupa uhai wa kisheria. Hadhi mbele ya kodi haitoki kwenye hata mmoja.

Hadhi hiyo iko TRA. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kinataka taasisi ya hisani iwe na sura ya umma, na iwe imeundwa kwa ajili ya kazi kama kuwaondolea watu umaskini na dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma za afya na maji. Kikundi kinachowanufaisha wanachama wake peke yao hakina sura hiyo. Zaidi ya hapo, lazima Kamishna wa TRA awe ametoa uamuzi wa maandishi wa kulitambua shirika, na uamuzi huo uwe bado hai. Asiye nao, hata kama amelea yatima miaka 10, mbele ya kodi ni taasisi kama nyingine yoyote, yenye kiwango cha asilimia 30.

Hata mwenye uamuzi huo hajasamehewa moja kwa moja. Misaada anayopokea inaingizwa kwenye hesabu ya mapato, kisha yanatolewa matumizi yaliyowafikia walengwa, na baada ya hapo robo ya kilichobaki. Tuchukue mfano. Shirika limefunga mwaka likiwa na bakaa ya shilingi milioni 40. Robo yake, milioni 10, inaondolewa. Milioni 30 zinatozwa asilimia 30, yaani milioni 9. Anayetaka kutunza fedha kwa mradi mkubwa, tuseme kujenga bweni, sheria inamruhusu kuomba idhini ya Kamishna. Asipoomba, fedha za bweni zinahesabiwa kuwa bakaa tu.

Halafu kuna kodi ambazo hisani haizigusi kabisa. Mshahara wa mhasibu na wa dereva unakatwa kodi ya ajira, nayo inatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Pango la ofisi lina kodi ya zuio. Ritani ya mwaka inadaiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, uwe umepata ziada au umeishia patupu.

Tuseme wazi pia kwamba wapo wanaojificha. Neno "lisilo la faida" halina maana kwamba shirika halibakiwi na kitu. Maana yake ni kwamba kinachobaki hakigawanwi. Mwenyekiti anayejilipa posho kila kikao, akamweka mkewe kwenye uhasibu na gari la mradi likawa la kupeleka watoto wake shule, anagawana faida kwa jina jingine. Huyo TRA wakimbana, hatutamlilia.

Lakini Serikali nayo ina deni. Haieleweki kwa nini mtu anakabidhiwa cheti bila kuambiwa kwamba safari imefika nusu. Msajili na TRA wakae meza moja: ombi la usajili na ombi la kutambuliwa kuwa taasisi ya hisani yapokelewe siku moja, na Kamishna afungwe na muda wa kujibu. TRA pia ibandike hadharani orodha ya taasisi inazozitambua. Sheria inamruhusu mfanyabiashara anayechangia taasisi ya hisani kupunguziwa mchango huo kwenye hesabu ya kodi, usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Atautumiaje mlango huo ikiwa hajui nani ana hadhi na nani hana? Tunahangaika na wafadhili wa ng'ambo huku tajiri wa Kariakoo hatujamwambia kwamba sheria inamtambua.

Kenya wana funzo lao. Sheria yao ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa mwaka 2013 ikalala hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Sisi hatuhitaji sheria mpya, wala miaka 11 ya kusubiri. Tunahitaji ofisi mbili za Serikali ile ile zisemezane.

Kwa waasisi, neno letu ni fupi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuchapisha fulana na kuchonga mhuri, tafuteni mhasibu, andikeni kwenye katiba kwamba hakuna mwanachama atakayegawiwa ziada, kisha pelekeni ombi TRA kabla fedha ya kwanza haijaingia. Barua ya TRA ikija baadaye, iwakute na jibu mkononi.