Pacha Gani Huyu Anaachwa Mlangoni?

Wasee, leo tuongee kuhusu Hamburg na Dar es Salaam. Hamburg ndiyo bandari kubwa kuliko zote Ujerumani, huko kaskazini. Tangu 2010 hiyo miji miwili ni pacha rasmi. Hamburg iko na mapacha wengine kama Shanghai, Chicago na Marseille, lakini Afrika nzima ni Dar pekee. Heshima kubwa, si ndio?

Mimi nasema pacha hapimwi kwa hotuba na picha za viongozi. Anapimwa mlangoni. Nani akibisha hodi anaambiwa karibu, na nani anaambiwa ngoja hapo nje.

Mtu wa Hamburg akitaka kumwona pacha wake ni rahisi. Anakata tikiti, viza ni dola 50, na hata akitua uwanja wa Julius Nyerere bila hiyo viza analipia palepale. Jioni ako Kigamboni anakula pweza.

Sasa mgeuze. Mtu wa Dar akitaka kwenda Hamburg anaanza na kutafuta miadi. Lete taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, mahali utalala, na ushahidi kwamba utarudi kwenu. Lipa euro 90. Ukinyimwa, hiyo pesa imeenda. Zamani ukikataliwa ungeandika barua ubalozi uangalie uamuzi wake upya, bila malipo. Tangu Julai 2025 Ujerumani imefuta hiyo njia. Sasa ni uombe upya na ulipe tena, ama ufungue kesi Berlin. Kesi! Yaani mama lishe wa Kariakoo apeleke ubalozi mahakamani ndio akamsalimie pacha wake.

Kinachoniudhi zaidi ni historia. Meli za Hamburg hazikuwahi kuomba mtu viza zikija pwani hii. Mwaka 1890 kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ilianzishwa hukohuko Hamburg, ikilipwa ruzuku na serikali ya Ujerumani ili ilete watu na mizigo huku. Mwaka uliofuata Dar ikafanywa makao makuu ya koloni la Wajerumani. Kwa hivyo hawa hawakukutana 2010. Walijuana kitambo, mmoja akiwa bwana na mwingine mtumishi.

Na ukienda Hamburg leo, mtaa wa Jenfeld, utapata sanamu za udongo wa kuchomwa za askari Waafrika wakiongozwa na afisa Mzungu. Zilitengenezwa enzi za Wanazi kusifu jeshi la kikoloni, na mahali ziliposimamishwa panaitwa Tansania-Park. Fikiria hiyo. Askari wa udongo wako Hamburg miaka yote, hakuna anayewauliza taarifa ya benki. Vitukuu vya askari wenyewe ndio wanaulizwa watarudi kwao lini.

Sisemi huo upacha haujafanya kitu. Kule Mabwepande, Kinondoni, kuna kiwanda cha mboji kilichotokana na ushirikiano huu, kinageuza taka za sokoni kuwa mbolea. Kazi safi, na iendelee. Lakini undugu ambao mboji inapita na watu hawapiti, huo ni mradi. Uite mradi tu, usiuite upacha.

Najua jibu litakalokuja: mambo ya viza ni ya serikali kuu, mji hauna sauti. Hapo wanatuchezea. Hamburg si mji tu, ni jimbo kamili la Ujerumani, na iko na kura 3 katika baraza la majimbo, Bundesrat. Wakuu wake hukaa meza moja na wanaotunga sheria za nchi. Wakitaka kusema, watasikika. Tuambieni ni lini mlisimama huko mkawatetea watu wa Dar.

Na Wakenya wenzangu, tusimcheke jirani. Mombasa ni pacha wa Seattle tangu 1981. Msee wa Seattle anajaza fomu kwenye simu, anakuja. Msee wa Likoni analipa dola 185 ndio ahojiwe tu, na akinyimwa harudishiwi hata senti. Ugonjwa ni uleule, hospitali tofauti.

Kwa hivyo siku ujumbe wa Hamburg ukitua tena Dar, meya wa Dar, kabla ya chai na kabla ya picha, aulize swali moja: mwaka huu watu wangu wangapi waliomba kuja kwako, na wangapi walinyimwa? Hiyo namba itangazwe kila mwaka, na Hamburg iseme imefanya nini ipungue. Wakikataa kuitoa, basi wang'oe hilo neno pacha. Watafute lingine linalowafaa.