Tuzibe Shimo Chini ya Ua

Jirani yangu hapa Malindi ni mama mtu mzima, na jambo zito hulisema kwa sauti nyepesi. Asubuhi moja ya kaskazi alinikuta langoni, akanisabahi, akaniuliza hali ya watoto, kisha akasema: "Mwanangu, yule mdogo wako wa miguu minne leo kaja kusali nami. Ila udhu hana."

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Chini ya ua wa makuti, karibu na mwembe, palikuwa na shimo la kupitisha ndoo, mchanga wake ungali mbichi. Mwenye shimo, kilebu wa miezi minne, alikuwa amejilaza kivulini, pua imejaa udongo, hana habari.

Niliomba radhi, nikajitolea kuuosha mkeka wa kusalia. Kwa wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio Waislamu wengi wa mwambao huu, mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo. Na siku hiyo mfereji ulikuwa mkavu, ikabidi ninunue maji ya mkokoteni. Nilipofika ndoo ya nne nilikuwa nimeshaanza kuuhesabu upya ule ua wangu, wapi fito zimelegea, wapi mchwa wamekula.

Asidhani mtu kwamba jirani yangu anamchukia mbwa. Watoto wa madrasa hapa wanakijua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Mbwa wa kulinda shamba au mifugo hana ubaya, na ukipanda juu kuelekea Ganze au Magarini, nani atalinda mahindi dhidi ya nyani bila mbwa? Jirani anachotaka ni kimoja tu: mbwa wako abaki kwako. Ni haki yake, na ndiyo sababu ya wito huu kwenu nyote mnaofuga, kuanzia Mtwapa na Kilifi hadi Watamu, Malindi na Mambrui.

Wengi wetu tukiona shimo huchukua jembe, tukalifukia, tukampiga mbwa kofi, kazi ikaisha. Kesho yake lipo jingine, hatua mbili kando. Mbwa hapigwi akaelewa kosa la saa tatu zilizopita. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, si kuacha kuchimba. Tena kuna wanaomfunga mnyororo usiku na mchana. Huyo ndiye atakayekuwa mkali, na siku mnyororo ukikatika mtajuana naye.

Kilebu huchimba kwa sababu, na pwani yetu inazo sababu nyingi. Ya kwanza ni joto. Kaskazi ikivuma, juu mchanga unaunguza nyayo, lakini shubiri moja chini una ubaridi. Mnyama mwenye manyoya anajitafutia kitanda. Ukiona amechimba kishimo cha kutosha mwili wake, akajikunja humo, usimgombeze. Mpe kivuli kizuri na bakuli la maji lisilopinduka, na wewe mwenyewe utaona mashimo yanapungua.

Ya pili ni upweke. Tumemleta nyumbani akiwa mdogo, watoto wamecheza naye wiki mbili, kisha shule zikafunguliwa. Kutwa yuko peke yake na ukuta. Kilebu anataka kazi. Mtembeze alfajiri kabla jua halijapanda na tena baada ya alasiri, kwa kamba, hata nusu saa. Mchagulie pembe moja ya ua iwe yake, ufukie humo mpira au mfupa mbichi, na kila akichimba hapo umsifu. Akichimba kwingine mwite, umpeleke pale. Nilipoambiwa habari hii nilicheka. Siku ya kumi sikucheka tena, maana alikuwa anakwenda mwenyewe.

Halafu kuna harufu. Chini ya ua wako hupita panya, mijusi na fuko, na kwa nyumba za karibu na bahari, kaa. Kilebu anamfuata kaa shimoni, anatokezea ng'ambo, anashangaa kama wewe. Na akikaribia nusu mwaka, harufu yenyewe inakuwa ya jike. Dume aliyesikia wito huo hazuiwi na makuti. Hapo dawa ni kwenda kwa daktari wa mifugo ahasiwe, na jike vilevile afungwe uzazi, kwa sababu vilebu wanaotupwa majaani ni wajukuu wa shimo lilelile.

Sasa ua wenyewe. Mchanga wetu ni mwepesi, na masika yakianza maji hupita chini ya ua na kumfanyia mbwa nusu ya kazi. Ua wa makuti na fito huoza miguuni kabla ya kuoza juu, kwa hiyo usiutazame ukiwa umesimama, inama. Kinachofaa kuliko vyote ni waya wa kuku. Ulaze chini upande wa ndani, anakosimama mbwa, upana wa nusu mita hivi, ukingo mmoja umefungwa kwenye mguu wa ua, kisha uufunike kwa mchanga na mawe. Mbwa huanza kuchimba pale ua unapokutana na ardhi. Makucha yakigusa waya, anaacha. Hana akili ya kurudi nyuma nusu mita akaanzia hapo. Ncha kali zikunjwe chini zisimkate. Chumvi ya bahari hula waya, kwa hiyo kila mwaka ukaguliwe.

Asiye na pesa ya waya asikate tamaa. Kwenye matimbo yetu ya mawe hubaki vipande ambavyo fundi havitaki. Vipange mstari mmoja mguuni mwa ua, uvizamishe nusu ardhini. Mimi ndivyo nilivyofanya, na mkokoteni mmoja ulinitosha. Wanaotumia ua wa mnyaa waangalie: utomvu wake ukiingia jichoni, la mbwa au la mtoto, ni balaa. Na vigae vya chupa tusivizike. Nimewahi kuviona, na mguu uliokatika ulikuwa wa mtoto aliyefuata mpira.

Nisingeandika yote haya kwa ajili ya mkeka mmoja. Mbwa aliyetoka chini ya ua usiku, katika mji wa pwani, ana njia mbili: barabara na ufuo. Barabara mnaijua, pikipiki na tuktuk zinavyokwenda. Ufuo wengi hawaufikirii.

Kasa hupanda mchangani usiku, huchimba, hutaga mayai mia na zaidi, hufukia na kurudi baharini. Mayai hukaa mchangani miezi miwili hivi. Bahari ya Kenya ina aina tano za kasa kati ya saba zilizopo duniani, na wa kijani ndiye anayetaga zaidi katika fuo zetu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ndizo za kwanza nchini, na pale Watamu shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likilinda viota na kuwaokoa kasa wanaonaswa nyavuni tangu miaka ya tisini. Watu hutembea ufuoni usiku wakitafuta nyayo za kasa. Kiota kilicho mahali pabaya huhamishwa kwa mikono, yai baada ya yai. Kisha anakuja mbwa wako, ambaye hakuna aliyemfundisha kuchimba pake, na kwa usiku mmoja anafukua kiota kizima. Kasa wa kijani huchukua miaka ishirini na zaidi kabla ya kutaga. Tena ni mnyama anayelindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Ukikuta kiota kimefukuliwa, usishike mayai wala kuyageuza. Mfukuze mbwa, wajulishe Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) au watu wa Local Ocean.

Ninawasema hasa wenye nyumba za mapumziko za Casuarina, Watamu na Bofa. Mwenyewe yuko Nairobi au Ulaya miezi tisa, mbwa ameachiwa mlinzi, na mlinzi hakupewa pesa ya waya wala ya chanjo. Huyo mlinzi asilaumiwe. Mtumie pesa hizo.

Na chanjo nisiisahau, maana hapo si mzaha tena. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na ugonjwa hukatika pale mbwa saba katika kila kumi wanapokuwa wamechanjwa. Kilebu huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani. Kidonda kisipakwe pilipili, wala mafuta, wala majivu.

Wenye hasira na mbwa wa jirani nawaomba pia: msiweke sumu kwenye nyama. Sumu haichagui, itamuua paka, itamuua kuku, na mtoto anayetambaa anaokota kila kitu. Nendeni mkabishe hodi kama alivyonibishia mama yule. Ikishindikana, wazee wa mtaa na Nyumba Kumi wapo kwa mambo kama haya.

Jumamosi hii, kabla jua halijawa kali, zunguka ua wako mara moja, uiname kila hatua chache. Beba jembe, beba mawe. Ukimaliza, tafuta kadi ya chanjo ya mbwa wako uone tarehe, na kama huna kadi, Jumatatu ofisi ya mifugo iko wazi.